Namna ya kupasua mwamba tope wa Wheeler na kumtoa trilobiti akiwa mzima

Kila mwaka, theluji ikishaondoka, simu yangu huanza kulia kwa maswali yaleyale kutoka kwa Waswahili wenzangu wa Salt Lake City na vitongoji vyake. Eti mtu wa kawaida anaruhusiwa kuokota kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na kwenda nacho nyumbani? Nibebe nyundo gani? Mbona nimegonga mawe siku nzima nikarudi na mikia mitupu ya trilobiti, yule mnyama wa bahari wa kale? Nimeyajibu kwa simu na kwenye harusi, na mengine nimeyajibu nikiwa nimechuchumaa juu ya kifusi nikiwa na tindo mkononi. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Nazungumzia sehemu moja tu: mwamba tope wa Wheeler, katika milima ya House Range, magharibi ya mji mdogo wa Delta, jimbo la Utah. Ukijifunza kupasua mawe hapo, mengi utayatumia hata kwingine. Ila vipimo, sheria na majina ya wanyama nitakayoyataja ni ya hapo.

Jiwe lenyewe, kwa ufupi

Mwamba tope ni matope laini yaliyotua chini ya maji safu juu ya safu, yakakandamizwa hadi yakawa jiwe. Ukiugonga pembeni huachana kwa kufuata safu zake, kama chapati ya ajemi iliyokunjwa vizuri. Huu wa Wheeler una chokaa nyingi ndani yake, ndiyo maana ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Matope hayo yalitua miaka takriban milioni 505 iliyopita, wakati Utah ilikuwa chini ya bahari ya joto karibu na ikweta. Sehemu moja ya sakafu ya bahari ilididimia kwenye ufa, pakatokea bonde la maji ya kina. Pembeni yake, kwenye maji mafupi, zilikuwa zinajengeka chokaa. Ndani ya bonde oksijeni ilikuwa haba. Viumbe wanaochimbachimba matope walikuwa wachache, kwa hiyo safu hazikuvurugwa na kilichozikwa kilibaki kama kilivyolala. Hayo ndiyo unayohitaji kuyajua ili uelewe kwa nini jiwe linapasuka vizuri na kwa nini lina wanyama.

Jina la mwamba lilitolewa na Charles Walcott, mwanajiolojia Mmarekani, mwaka 1908. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo alikutana na mwamba wa Burgess kule Kanada, ambao sifa zake zilienea dunia nzima, nao wa Wheeler ukabaki kivulini. Mimi naona hilo si haki. Katika milima ya Drum, jirani na House Range, ndani ya mwamba huu wa Wheeler, ndipo palipowekwa mwaka 2006 alama ya kimataifa ya mwanzo wa Drumian, kipindi kimojawapo cha historia ya dunia. Mwanajiolojia yeyote duniani akitaka kujua kipindi hicho kinaanzia wapi, rejea yake ni mawe haya.

Unayemtafuta

Trilobiti ni mnyama wa bahari mwenye gamba na pingili, jamaa wa mbali wa kaa na nge, aliyekwisha kutoweka kabisa. Hapa wa kawaida kuliko wote ni *Elrathia kingii*, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1870. Wengi wana urefu wa sentimita 1 hadi 3, weusi au kahawia iliyokolea juu ya jiwe la kijivu.

Ana jambo moja linalomtofautisha na trilobiti wengi wa miamba mingine. Upande wa tumbo lake iliota kalisaiti ngumu, yaani madini yanayofanya jiwe la chokaa, baada ya kuzikwa, ikamtia unene. Badala ya kuwa picha bapa iliyobandikwa juu ya jiwe, mara nyingi anabanduka mzima kama kifungo cha koti. Wenyeji wa zamani wa eneo hili, Wapahvant wa kabila la Ute, waliwaokota, wakawatoboa na kuwavaa kama hirizi dhidi ya maradhi. Jina walilompa hutafsiriwa kuwa mdudu mdogo wa majini anayeishi ndani ya nyumba ya mawe. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Kabla ya kutoka nyumbani: ardhi ni ya nani?

Hili usilipuuze. Kule jangwani hakuna uzio, na ardhi hubadilika mwenyewe kila baada ya hatua chache.

Njia rahisi kwa anayeanza ni machimbo ya kulipia ya U-Dig Fossils. Unalipa kwa saa, unapewa nyundo, na mawe yameshafunuliwa kwa mashine. Hufunguliwa miezi ya joto tu, kwa hiyo hakikisha siku na saa kabla hujasafiri. Ukifika, muulize msimamizi mapema ni vitu gani unavyoruhusiwa kuondoka navyo.

Ardhi ya umma inayosimamiwa na serikali kuu ya Marekani ina utaratibu mwingine. Huko sheria ya mwaka 2009 inakuruhusu kukusanya visukuku vya kawaida vya wanyama wasio na uti wa mgongo, kwa kiasi cha wastani, kwa vifaa vya mkono, kwa matumizi yako mwenyewe. Kuuza au kubadilishana ni marufuku. Mfupa wa mnyama mwenye uti wa mgongo usiuguse bila kibali.

Ardhi ya dhamana ya jimbo inataka kibali chake, na machimbo ya watu binafsi yaliyokodishwa hayaingiliki bila ruhusa ya mwenyewe. Pakua ramani ya umiliki kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu kule mtandao haupo.

Vya kubeba

- Nyundo ya fundi mwashi au ya mjiolojia, yenye upande mmoja bapa. Nyundo ya misumari iache. Chuma chake hakikutengenezwa kwa kugonga tindo, hutoa vipande.
- Tindo mbili: moja nyembamba, moja pana ya sentimita 5 hivi.
- Kisu cha puti, kile cha mpaka rangi. Ni cha bei ndogo na ndicho ninachokitumia kuliko vyote.
- Miwani ya kukinga macho kwa kila mtu, watoto wakiwemo, hata anayesimama tu kutazama.
- Glavu nene. Kingo za jiwe hili hukata kama kigae cha chupa.
- Karatasi za chooni, magazeti, boksi imara, kalamu ya wino usiofutika.
- Lenzi ndogo ya mkononi.
- Maji, angalau lita 4 kwa kila mtu, kofia na chakula. Hakuna mti wala duka.
- Tairi la spea lenye upepo, na jeki unayojua kuitumia.

Kutoka Delta unafuata barabara kuu ya 6/50 kuelekea magharibi kiasi cha kilomita 51, kisha unakunja kulia na kuingia barabara ya changarawe kwa kilomita 32 nyingine. Jaza mafuta Delta, maana mbele hakuna kituo. Changarawe ile ina mawe makali. Ukienda mbio utapata pancha, na mvua ikinyesha baadhi ya njia hugeuka utelezi. Mara ya kwanza nilikwenda na spea ambayo haikuwa na upepo. Tulikaa kwenye jua kwa muda wa saa nne na watoto wawili hadi akapita mtu mwenye pampu. Tangu siku hiyo spea naikagua usiku wa kuamkia safari.

Kazi yenyewe

1. Anza na macho, nyundo iache chini. Nusu saa ya kwanza tembea polepole juu ya vifusi vilivyoachwa na wengine. Mvua na baridi huendelea kupasua mawe yaliyotupwa, na trilobiti waliobanduka hulala wazi juu ya ardhi. Jua la asubuhi au la alasiri likija kwa ubavu, kivuli chao huwataja. Saa sita mchana kila kitu huonekana bapa. Kabla ya kutia mkono chini ya bamba, liinue kwanza kwa ncha ya nyundo. Nyoka wa kule ana kayamba mkiani, lakini usitegemee kwamba atalipiga kila mara.

2. Chagua bamba. Unataka jiwe la kijivu, bapa pande zote mbili, unene wa sentimita 2 hadi 5, ukubwa wa sahani au sinia. Tazama ukingo wake: ukiona mistari myembamba iliyolala sambamba, hilo lina pa kupasukia. Jiwe linalolia kama kengele ukiligonga na lisilo na mistari ni chokaa tupu, liache. Lenye mishipa myeupe inayokata safu pia liache, litavunjika ovyo. Linalomeguka mkononi kama biskuti limeoza, lakini chunguza unga wake, kwani mara nyingi trilobiti ameshabanduka ndani.

3. Lisimamishe kwa ukingo. Weka bamba wima juu ya ardhi laini au juu ya jiwe kubwa, ukilishika kwa mkono wenye glavu. Uso wa bamba utazame pembeni, ukingo utazame juu.

4. Gonga ukingo, usigonge uso. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Ukipiga uso wa bamba, nguvu inapita kwenye safu zote kwa pamoja na kila kilichomo kinakatika. Ukigonga ukingo kwa upande bapa wa nyundo, pole kwa pole, nguvu inapenya katikati ya safu mbili na kuziachanisha. Gonga mara tatu au nne ukisogea kando ya mstari uleule, kisha geuza bamba, gonga ukingo wa pili. Sikiliza: sauti ikibadilika kutoka kali kuwa nzito, safu zimeanza kuachana.

5. Fungua bila haraka. Ufa ukionekana, weka nyundo chini. Ingiza kisu cha puti, kizungushe kuzunguka bamba lote, kisha inua kidogo kidogo. Ufa ukikataa, tumia tindo pana na ugonge mara moja tu kila upande. Kosa ninaloliona kila safari ni mtu kuona ufa, akafurahi, akapachika tindo sehemu moja na kupiga kwa nguvu zote. Bamba linakatika vipande viwili mahali pasipostahili, na mara nyingi mpasuko unapita katikati ya mgongo wa trilobiti.

6. Tazama nusu zote mbili. Usitupe upande wa pili. Mnyama anaweza kuwa amebaki upande mmoja na chapa yake upande mwingine. Viwili hivyo ni kitu kimoja na vikae pamoja. Inamisha kila nusu kuelekea jua, pitisha macho mstari kwa mstari. Kisha chukua lenzi upitie tena, kwa sababu wadogo ni wengi kuliko wakubwa.

7. Rudia hadi bamba liishe. Bamba la sentimita 4 linaweza kufunguka mara tano au sita. Ukiliacha baada ya mpasuko mmoja unaacha kazi nusu. Mabamba mengi hayatakuwa na kitu, ndivyo yalivyo. Ukikuta safu moja yenye wanyama wengi, baki nayo. Tafuta mabamba jirani yaliyotoka kwenye safu hiyohiyo, usikimbilie upande mwingine wa shimo.

8. Usimchonge porini. Trilobiti akiwa kwenye jiwe kubwa, punguza kwa kugonga mbali naye, usikaribie kuliko upana wa vidole vinne. Uchongaji wa karibu ufanyie nyumbani kwa koleo ya kukatia, ukikata pembe ndogo ndogo. Nimeona wanyama waliokaa salama miaka nusu bilioni wakivunjwa na pigo la mwisho la kupunguza uzito wa begi.

9. Funga na andika hapohapo. Waliobanduka wafunge mmoja mmoja kwa karatasi ya chooni, uwaweke kwenye kopo. Mabamba yafunge kwa gazeti, yapange wima kwenye boksi. Kwenye kila kifurushi andika tarehe, mahali na namba za mahali kutoka kwenye simu. Nasisitiza hili kuliko yote yaliyotangulia: kisukuku kisicho na maandishi ya kilipotoka hubaki pambo la mezani, hata kiwe kizuri namna gani. Usiseme utakumbuka.

10. Safisha kikavu. Nyumbani tumia mswaki laini na sindano, chini ya taa ya ubavuni. Sukuma sindano kutoka kwa mnyama kwenda nje. Usiloweke jiwe kwenye maji, safu zitaanza kuachana. Na tafadhali, usitumie siki wala ndimu! Trilobiti huyu amejaa kalisaiti, na tindikali huila kalisaiti. Mama mmoja aliniletea kumi waliokuwa wameloweshwa kwenye siki usiku kucha. Waliobaki walikuwa na nyuso kama sabuni iliyotumika.

Umepata nani?

Kichwa kikubwa chenye umbo la nusu mwezi, mwili wa pingili nyingi, mkia mdogo: huyo ni *Elrathia kingii*. Akiwa na mkia mpana unaokaribia ukubwa wa kichwa, ni *Asaphiscus wheeleri*. Kitu kidogo chini ya sentimita 1, kichwa na mkia vikifanana kiasi kwamba hujui aelekee wapi, pingili mbili tu katikati, ni *Itagnostus interstrictus*, ambaye vitabu vya zamani humwita Peronopsis. *Olenoides* mwenye miiba ni adimu, na ukimpata piga picha akiwa bado palepale.

Angalia mashavu ya kichwa. Wengi wa Elrathia hukosa vipande vya pembeni. Trilobiti alijivua gamba kama afanyavyo kaa, na mashavu ndiyo yaliyokuwa yakifunguka ili atoke. Kwa hiyo nyingi unazookota ni nguo zilizovuliwa. Ukimpata mwenye mashavu yote mawili, huenda umempata mnyama mwenyewe.

Kuna pia vitu visivyo na gamba: mwani uliobaki kama nywele nyeusi, sponji, minyoo. Huonekana kama doa la rangi tu, na watu huvitupa wakidhani ni uchafu. Usivitupe. Ni hivi ambavyo wataalamu wanavitamani. Lloyd Gunther wa Utah hakuwa profesa, lakini yeye na familia yake walitoa vielelezo vyao kwa makumbusho na vyuo, na spishi kadhaa zimepewa jina lake. Ukiona kitu usichokielewa, kipeleke Makumbusho ya Historia ya Asili ya Utah hapo Salt Lake City pamoja na karatasi yako ya mahali.

Mambo yakienda kombo

*Bamba linakataa kupasuka, linavunjika vipande vya mraba.* Ama ni chokaa, ama unagonga katikati ya bamba badala ya kwenye mstari. Badilisha jiwe kabla hujabadilisha nyundo.

*Trilobiti amevunjika vipande viwili.* Usipanguse popote. Vipande vyote viweke kwenye kifurushi kimoja, na nyumbani viunge kwa tone dogo la supaglu kwa ncha ya kijiti. Gundi ikimwagika juu ya gamba haitoki vizuri, kwa hiyo tone liwe dogo kuliko unavyodhani linafaa.

*Amebanduka, sasa nimwache hivyo au nimrudishe kwenye jiwe?* Akiwa na chapa yake, viweke pamoja bila gundi. Kumbandika kwenye jiwe lisilo lake ni udanganyifu, hata kama wauzaji wengi hufanya.

*Jiwe linaachia unga na magamba likiwa kabatini.* Lilikuwa na unyevu. Liache likauke kivulini wiki kadhaa, mbali na jiko na dirisha. Usipake vanishi; itang'aa vibaya na kuficha mistari midogo.

*Kipande kimeruka machoni.* Usisugue. Suuza kwa maji safi mengi, funika, ondokeni. Delta ni zaidi ya saa moja, ndiyo maana nimesema miwani ni ya kila mtu.

*Nimekwenda likizo nyumbani, naweza kufanya hivihivi Lindi au Turkana?* Hapana. Tanzania visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kuchimba kunataka leseni. Na sababu tunazijua. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, ilibebwa vichwani hadi bandarini na kupelekwa Berlin, na ingali huko. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake liliingia kwenye jina la dinosaria, *Australodocus bohetii*, mwaka 2007 tu. Ukikutana na kisukuku nyumbani, kipige picha, kiache kilipo, uandike mahali, kisha uwaarifu watu wa makumbusho ya taifa.